Supu ya magome si gundi

Kwa mara ya tatu mwezi huu mteja kaniletea kopo la maji mazito ya kahawia, akachovya kidole, akakibana na gumba na kuniambia, "Ona inavyonata." Naona. Hata uji unanata.

Dhana: Chemsha magome hadi yawe mazito, umepata gundi.

Ukweli: Umepata tanini, ile kemikali chungu ya magome inayotumika pia kulainishia ngozi, iliyochanganyika na sukari na ulimbo wa mti. Mnato unaousikia vidoleni, sehemu kubwa unatokana na huo ulimbo, nao ni mzigo: unaufanya mchanganyiko uwe mzito kupakika kabla tanini haijatosha. Sukari nayo inakaa tu katikati ya mbao ikingoja unyevu. Kiungo kitashika leo. Kiloweke kesho, utaokota vipande viwili.

Tanini inakuwa gundi pale molekuli zake zinapofungwa pamoja kama wavu usioyeyuka tena. Kazi hiyo inafanywa na kigumishi, yaani fomaldehaidi, parafomaldehaidi ya unga au heksamini, kisha presi ya moto, kwa kawaida nyuzi 120 za Selsiasi kwenda juu. Bila hayo umekausha maji tu, na maji yakirudi, gundi inarudi kuwa supu.

Halafu kuna pH, yaani kipimo cha asidi na alikali, ambayo hakuna anayeniuliza. Tanini ya mwati, mti wa jamii ya akasia, ina subira: ikiwa na asidi kidogo hufungamana polepole, ukiongeza kostiki soda, ambayo ni alikali, inakimbia. Tanini ya msonobari ina pupa ya kuzaliwa. Ichanganye kwa vipimo vya mwati uone itakavyogandia ndooni. Kwa hiyo, kabla hujagusa ubao, tia gundi kidogo na kigumishi chake kwenye neli ya kioo, izamishe katika maji yanayochemka, koroga, hesabu muda hadi igande. Nimelisema hili hadi nimechoka. Bado watu wanapima kwa kidole.

Dhana: Gome lolote linafaa.

Ukweli: La. Tunatafuta tanini za jamii ya flavonoidi, zile zinazofungamana vizuri na kigumishi, kama za mwati na msonobari. Zile za jamii ya asidi ya galiki, kama za mti wa chesinati, peke yake hazijengi wavu wa maana. Gome la mwati (Acacia mearnsii) linapendwa kwa sababu likikauka, takriban theluthi ya uzito wake inaweza kuwa tanini. Magome mengine utachoma kuni nyingi kuliko gundi utakayopata.

Dhana: Gundi ya magome haiwezi kazi ya nje.

Ukweli: Viwanda vya Afrika Kusini vinatumia tanini ya mwati kwenye plaiwudi na chipubodi tangu miaka ya 1970, zikiwemo za kukaa nje. Gundi iliyoiva vizuri huvumilia hata kuchemshwa.

Dhana: Imetoka kwenye mti, haidhuru.

Ukweli: Fomaldehaidi haijali imechanganywa na nini. Ni kweli tanini huidaka haraka, na ukitumia heksamini mvuke unaotoka kwenye ubao ni mdogo sana, lakini wakati wa kuchanganya fungua madirisha na uvae barakoa ya gesi. Kitambaa hakizuii kitu.

Na tafadhali, msichemshie magome kwenye sufuria ya chuma cha kawaida. Tumieni chuma cha pua. Mteja wa juzi alijivunia kwamba yake imekolea hadi ikawa nyeusi tii. Tanini ikikutana na chuma inatoa rangi hiyo. Alikuwa amepika wino.