Sisti ya ubongo inayojifanya ugonjwa wa sikio

Sisti ya ubongo ni kifuko kilichojaa majimaji ndani ya fuvu. Si saratani, na watu wengi huishi nayo bila kujua. Shida huanza inapokaa mahali panapohusika na usikivu au mizani ya mwili, kwani hapo kizunguzungu chake hudhaniwa kinatoka sikioni.

Mahali pamoja ni pembeni mwa shina la ubongo, unakopita mshipa wa fahamu wa nane kutoka sikio la ndani. Sisti ya araknoidi (utando mwembamba unaofunika ubongo), ambayo kwa kawaida mtu huzaliwa nayo, ikiubana mshipa huo, sikio moja huvuma na kupungua kusikia, na mwendo huyumba. Dalili hizi hufanana na za ugonjwa wa Ménière wa sikio la ndani, ambao kizunguzungu chake huja kwa vipindi vya dakika 20 hadi saa 12. Kipimo cha usikivu pekee hakitenganishi hayo mawili. Usikivu ukipungua upande mmoja bila sababu, inafaa kupiga MRI (picha ya mashine ya sumaku). Sisti nyingi za araknoidi hufuatiliwa tu kwa picha, bila upasuaji.

Ya hatari zaidi ni sisti ya tegu wa nguruwe (aina ya mnyoo) ndani ya chemba ya nne ya ubongo, uwazi wenye maji ulio kisogoni. Kifuko hiki huweza kuelea. Mgonjwa akigeuza kichwa ghafla, huziba njia ya maji ya ubongo kama gololi kwenye mdomo wa chupa, na presha ya kichwani hupanda: kichwa kinapasuka kwa maumivu, anatapika, dunia inazunguka, pengine anazimia. Kizunguzungu cha chembechembe zilizohama ndani ya sikio nacho huamshwa na kugeuka, lakini huisha ndani ya dakika moja na hakiji na maumivu makali ya kichwa wala kuzimia. Ukiona maumivu hayo makali au kuzimia, usimfanyie mgonjwa mazoezi ya kugeuza kichwa yanayotumika kwa kizunguzungu cha sikioni. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Asiyekula nguruwe naye hayuko salama. Sisti hii ya tegu hutokana na kumeza mayai ya tegu yatokayo kwenye kinyesi cha binadamu, kupitia maji, mboga au mikono. Nyama isiyoiva humpa mlaji mnyoo wa tumboni, na mwenye mnyoo huyo ndiye anayesambaza mayai.

CT skani (picha ya eksirei ya tabaka) huweza kuikosa sisti ya chemba ya nne, kwa kuwa majimaji yake hufanana na maji ya ubongo yaliyoizunguka. MRI huionyesha vizuri zaidi. Na albendazole, dawa ya minyoo, isianzwe kabla ya picha: sisti zikifa, ubongo huvimba na njia ya maji huweza kuziba kabisa. Iliyo kwenye chemba ya nne, inapowezekana, hutolewa kwa upasuaji.