Kabla ya gabioni, tafuta sakafu ya mto

Mwezi wa tisa, ukisimama katikati ya mto Kinyasungwe kule Gulwe, mkoani Dodoma, unaona mchanga mtupu. Mhandisi anapima kimo cha mchanga ule na kukiandika kwenye mchoro kuwa ndiyo sakafu ya mto. Miradi mingi ya kulinda kingo huharibikia hapo, gabioni, yaani vikapu vya waya vya kujazwa mawe, hata hazijanunuliwa.

Mto wa mchanga sakafu yake inahama. Huku kwetu mvua ni za Desemba hadi Aprili, na mafuriko yakishuka kwa nguvu huinua mchanga na kuondoka nao. Maji yakipungua, mchanga mwingine kutoka juu unatua palepale. Kesho yake unakuta mto umelala kama ulivyokuwa, kumbe kwa saa chache ukingo ulikuwa umening'inia juu ya shimo. Ukuta uliozamishwa nusu mita tu hauna pa kukanyaga usiku huo.

Nalisema kwa uchungu, maana ukuta wa namna hiyo niliwahi kuuchora mimi. Masika ya kwanza uliinama kuelekea mtoni. Ya pili maji yakapita nyuma yake, yakala mashamba ya mtama ya watu walioniamini.

Siku hizi siku ya kwanza sichori. Nagongelea nondo mchangani hadi igote, kisha nasogea mita tano na kugongelea tena, mpaka ng'ambo. Natafuta mabua yaliyonasa kwenye matawi ya migunga, maana ndiyo alama ya kimo cha mafuriko. Nawauliza wenyeji: "Shikamoo bibi, mwaka wa El Nino maji yalifika wapi?" Mvua zile za 1997/98 hazijasahaulika, bibi hunyanyuka na kunionyesha kwa mkono ukutani. Kimo hicho, pamoja na upana na mteremko wa mto, kinanipa makadirio ya maji ya mafuriko kwa mita za ujazo kwa sekunde.

Udongo wa ukingo nao naupima. Natia kidonge kikavu cha udongo huo kwenye glasi ya maji safi na kukiacha bila kukoroga. Kikizungukwa na ukungu mweupe kama tui, huo ni udongo unaoyeyuka wenyewe. Mawe peke yake hayatauzuia kutoroka kwenye mianya. Lazima kiwepo kitambaa cha kuchuja nyuma yake. Maji ya mto yakishuka ghafla, yale yaliyonywewa na ukingo husukuma kutoka ndani, kwa hiyo kitambaa hicho kiyaruhusu yapite.

Ndipo nachora. Ukingo naulaza, mita mbili kwenda kwa kila mita moja ya kupanda, ardhi ikiruhusu. Chini naweka godoro la mawe linaloweza kupinda na kuangukia shimo likichimbika. Miisho yote miwili naiingiza ndani kabisa ya ukingo mgumu. Juu wanakijiji wapande mabingobingo na mkonge, na mifugo ipewe njia yake ya kunywea. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 zibaki huru kando ya mto. Kwenye mchoro naziweka wazi tangu mwanzo.

Bado kuna mnyororo. Naufukia wima mchangani kabla ya mvua, kisha narudi mto ukikauka kuufukua. Ulipopinda na kulala ndipo mchanga ulipochimbika hadi kufikia. Safari ya mwisho tulichimba mpaka shimo likanifika kifuani ndipo tukaukuta umelala. Godoro langu lilikuwa limeishia kiunoni. Mchoro nikaurudisha mezani.