Kupanda Miti Si Kuokoa Mimea Adimu

Kila mvua zinapoanza, vikundi huja kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, na miche ya mikaratusi, misindano na mitiki, vikisema vimekuja kuokoa msitu. Nia yao ni njema, ila msitu hauhitaji miche hiyo.

Dhana: Ukipanda miti mingi, umehifadhi mimea adimu.

Hii ndiyo nimechoka kuisikia. Mmea adimu haupungui kwa kukosa miti jirani. Unapungua kwa kunyang'anywa makazi yake. Chukua Saintpaulia, ua dogo ambalo porini hupatikana Tanzania na Kenya tu. Huota kwenye miamba yenye unyevu, mara nyingi kandokando ya vijito, chini ya kivuli cha miti mirefu. Miti hiyo ikikatwa, jua huufikia mwamba, unyevu hukauka, na ua linakufa hata kama hakuna aliyeligusa. Mkaratusi hauwezi kurudisha kivuli hicho wala unyevu wake.

Tena upandaji wenyewe umewahi kutuumiza. Msizi (Maesopsis eminii) ni mti wa Afrika, lakini si wa Usambara. Uliletwa, kisha ukapandwa kwa wingi pale magogo yalipovunwa. Ndege aina ya hondohondo hula matunda yake na kudondosha mbegu ndani kabisa ya msitu. Mti mkubwa ukianguka, pengo hujaa msizi kabla miti ya asili haijapata nafasi. Kwa hiyo namwambia kila anayeniuliza: acha miche nyumbani, omba kibali kwa wasimamizi wa hifadhi, mje tung'oe miche ya msizi. Hakuna picha nzuri ya kupiga, lakini kazi hiyo ina maana.

Dhana: Saintpaulia imejaa vyunguni Ulaya na Marekani, haiwezi kutoweka.

Zile za vyunguni nyingi ni machotara ya kibiashara, uzao wa mimea michache iliyochukuliwa huku tangu 1892. Tofauti za ua hili kati ya mlima na mlima, hata bonde na bonde, zimebaki porini.

Dhana: Hifadhi ikishatangazwa, kazi imekwisha.

Msitu wa Amani, huku Usambara Mashariki, ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Msizi bado upo ndani.

Dhana: Mmea usioonekana miaka mingi umekwisha, eneo lake lipewe kazi nyingine.

Hapana! Erythrina schliebenii, mti wa misitu ya pwani yetu ya kusini, uliorodheshwa mwaka 1998 kuwa umetoweka. Baadaye ukaonekana tena katika mabaki ya msitu wilayani Kilwa, na sehemu ya msitu huo ikafyekwa kwa ajili ya shamba la mimea ya mafuta. Kabla ya kugawa msitu wowote wa umma, mtaalamu wa mimea aupite kwa miguu, na aupite wakati wa maua. Miti mingi haitambuliki kwa majani peke yake, na ukaguzi wa siku moja ya kiangazi hautoshi kusema kwamba hakuna kitu.