Paulo alifundwa kuridhika

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na zikikatika katikati ya Januari watu huanza kuja kwangu. Mkulima wa Chamwino mtama wake umekunja majani. Mtumishi aliyehamishiwa Mtumba, kwenye mji wa serikali, anakosa usingizi kwa sababu wenzake waliwahi viwanja Iyumbu naye bado. Wote mwili uko hapa, roho iko mwezi ujao.

Mimi ni mchungaji na nafundisha Agano Jipya. Huwa nawafungulia Wafilipi 4, barua ambayo Paulo aliiandika akiwa kifungoni: "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo." Hilo "nimejifunza" tunaliruka haraka mno. Hasemi alizaliwa na moyo mtulivu.

Mstari wa 12 unazama zaidi. Tunasoma "nimefundishwa kushiba na kuona njaa", lakini kitenzi cha Kigiriki, memyemai, kilikuwa cha mtu aliyeingizwa katika ibada za siri, akaonyeshwa yale ambayo wa nje haambiwi. Kiswahili kina neno lake: amefundwa. Aliyetoka jandoni hakusimulii ya huko; unamwona tu amebadilika. Na angalia, Paulo alifundwa hata kushiba! Kwa niliyoyaona katika huduma, shibe ndiyo ngumu. Nimewazika wazee waliovuka ukame na nyimbo midomoni, na nimekaa na vijana wenye mishahara mizuri ambao hawana amani hata siku moja.

Neno lake la "kuwa radhi", autarkes, Wastoa, wanafalsafa wa Kigiriki, walilipenda: mtu anayejitosheleza, asiyemhitaji yeyote. Paulo analichukua, kisha analigeuza: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Mstari huo tunaubandika kwenye bajaji kama ahadi ya ushindi, kumbe yeye alikuwa anazungumzia njaa.

Wahubiri wenzangu, nawasihi: tusimwambie aliyenyang'anywa shamba kwamba aridhike. Barua hii yenyewe ni ya shukrani kwa msaada aliopelekewa kwa mkono wa Epafrodito, mjumbe wa Wafilipi, naye Paulo aliupokea kwa furaha. Tena katika mji huohuo wa Filipi alipopigwa bila kuhukumiwa, Matendo 16, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Aliwataka wakubwa waje wenyewe. Moyo ulioridhika unaweza kudai haki, na unadai bila kuchemka.

Msimu mmoja mvua ilipokatika nilimtembelea bibi mmoja wa usharika wetu. Aliingiza mkono kwenye kihenge hadi begani, nikasikia kucha zikikwaruza chini. Mtama aliotoa ulijaa bakuli moja la bati. Akaliweka mapajani, akaanza Baba Yetu. Alipofika "utupe leo riziki yetu" alinyamaza, akalitazama bakuli, akapitisha kiganja juu ya mtama kama anayempapasa mtoto kichwani, ndipo akaendelea.

Ugali na mlenda vilipotengwa, mimi ndiye niliyeshindwa kutulia. "Bibi, na mvua isiporudi?"

"Baba mchungaji, shamba nitaliombea jioni. Sasa nawa mikono."