Barabara ya kandokando ya maziwa, Kendal hadi Keswick: dhana na ukweli

“Ilitengenezwa kwa ajili ya watalii.”
Ukiipita leo, huoni sababu nyingine. Ni kama kilomita 48 kaskazini-magharibi mwa Uingereza, huku maziwa ya Windermere, Rydal Water, Grasmere na Thirlmere yakijitokeza moja baada ya jingine. Lakini barabara hii iliwekewa malango ya tozo, ambapo wapitaji walilipa ili wafunguliwe, mwanzoni mwa miaka ya 1760. Watalii walikuja baadaye: mshairi Thomas Gray alizuru eneo hilo mwaka 1769, na kitabu cha Thomas West cha kuwaongoza wageni kikatoka 1778. Walioihitaji barabara walikuwa wafanyabiashara. Kendal ulikuwa mji wa sufu, na mizigo yake ilisafirishwa kwa misururu ya farasi waliobebeshwa mgongoni. Msafiri Celia Fiennes, aliyepita huko mwaka 1698, aliona vijia vyembamba na farasi wenye matenga ubavuni. Watalii walidandia tu kilichokwisha kuwapo.

“Tozo ilikuwa mradi wa matajiri kujinufaisha.”
Hapa pana ukweli nusu. Barabara za aina hii zilisimamiwa na wadhamini walioidhinishwa na Bunge, na kisheria hawakuruhusiwa kugawana faida. Fedha za kuanzia zilikopwa, mara nyingi kwa wenye ardhi wa hapo hapo, na tozo ikalipa riba na matengenezo. Tusisahau kilichotangulia: tangu sheria ya 1555, wanaparokia walilazimika kutengeneza barabara bila malipo, siku nne kwa mwaka, kisha sita, hata kama waliozichakaza ni wapita njia. Kumdai mpita njia ilikuwa haki zaidi, kwa maoni yangu.

Tatizo lilikuwa langoni. Wadhamini wengi walikodisha malango yao kwa mnada. Mshindi aliahidi kiasi maalumu, na kilichozidi hapo kilikuwa chake. Mtu wa namna hiyo hasamehi hata senti. Chuki nyingi dhidi ya tozo zilianzia hapo. Huko Wales, kati ya 1839 na 1843, wanaume waliovaa nguo za kike walivunja malango usiku, katika ghasia zilizoitwa za Rebecca.

“Kila aliyepita alilipa.”
La. Mtembea kwa miguu hakudaiwa. Kwa kawaida, wanajeshi walio safarini na waendao kanisani Jumapili walisamehewa. Gari la farasi la posta ndilo lililojidai kuliko yote: tangu 1785 halikulipa tozo, na mlinzi wake alipuliza pembe kutoka mbali ili mtoza ushuru atoke mbio, hata usiku wa manane, afungue kabla farasi hawajafika.

“Motokaa ndiyo iliyoua tozo.”
Reli ilitangulia. Ilifika mji wa Windermere mwaka 1847, ingawa William Wordsworth, mshairi aliyeishi eneo hilo, alikuwa ameipinga hadharani. Mapato ya malango yakaporomoka nchi nzima, na wadhamini wa mwisho, kisiwani Anglesey, wakafunga kazi mwaka 1895. Motokaa zilikuta malango hayo yameshakuwa historia.

“Unachokiona leo ndicho alichokiona Wordsworth.”
Alipohamia nyumba ya Dove Cottage, kijijini Grasmere, Desemba 1799, barabara ilipita mbele ya mlango wake. Baadaye ikachongwa njia mpya chini zaidi, karibu na maji. Thirlmere ndiyo iliyobadilika kupita kiasi. Zamani lilikuwa ziwa dogo lenye kiuno chembamba, na juu ya kiuno hicho palikuwa na daraja. Mwaka 1879 jiji la Manchester lilipata kibali cha Bunge cha kuligeuza kuwa bwawa la maji yake, na mwaka 1894 maji yakaanza kusafiri kilomita 154 hadi jijini. Daraja likazama pamoja na nyumba kadhaa, na sehemu za barabara zikahamishiwa juu. Wanaosimama hapo kupiga picha za “ziwa la asili” wanapiga picha ya tangi la maji la Manchester.