Je, Bakteria wa Kapsuli za Probiotiki Bado Wako Hai?

Swali: Kopo la kapsuli za probiotiki, yaani vijidudu hai vinavyomezwa kwa manufaa ya afya, nililonunua katika duka la dawa hapa Kisumu limeandikwa kwamba kila kapsuli ina bakteria bilioni 10. Maabara hujuaje?

Jibu: Mtaalamu wa maabara huchanganya gramu moja ya unga wa kapsuli na mililita 9 za kimiminika maalumu, kisha huchukua mililita moja ya mchanganyiko huo na kuitia katika mililita 9 nyingine, na kuendelea hivyo, kila hatua ikipunguza bakteria mara 10. Mililita moja ya hatua ya mwisho hutiwa katika kisahani chenye agari (aina ya jeli) ya virutubisho na kuwekwa kwenye nyuzijoto 37 kwa siku 2 au 3, pasipo oksijeni ikiwa wanaotafutwa ni jamii ya Bifidobacterium. Bakteria anayeweza kuzaliana huacha koloni, yaani kundi la wazao wake, inayoonekana kwa macho. Aliyekufa haachi chochote. Koloni 100 baada ya hatua 8 humaanisha bilioni 10 kwa gramu, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa kuwa kapsuli yenye nusu gramu itakuwa na bilioni 5 tu.

Swali: Kwa nini idadi ya maabara huweza kuwa chini ya ile ya lebo?

Jibu: Bakteria waliokaushwa huendelea kufa polepole, na joto pamoja na unyevu huharakisha vifo hivyo. Katika mji huu wa kando ya ziwa, ambako joto la mchana hufikia nyuzi 30 hivi, kopo linaloachwa dirishani au kufunguliwa mara kwa mara hupoteza uhai wake mapema. Soma lebo kwa makini: idadi ya “wakati wa kutengenezwa” haikuahidi chochote kuhusu siku utakayomeza kapsuli, ilhali ile inayodhaminiwa hadi tarehe ya mwisho wa matumizi ndiyo yenye maana kwako. Baadhi ya aina, hasa Bacillus zinazounda spora (umbo gumu la kujikinga), hustahimili joto zaidi.

Swali: Je, kuhesabu kunatosha?

Jibu: Hakutoshi. Maabara huchunguza pia vinasaba ili kuthibitisha kwamba aina iliyotajwa ndiyo iliyomo, kwa maana manufaa ya aina moja hayahamishiki kwa nyingine, na hutafuta vijidudu hatari kama Salmonella.

Swali: Jirani yangu humwaga kapsuli katika maziwa, yakiganda, husema ni nzima. Je, anapima sawasawa?

Jibu: Hapana. Kuganda huonyesha kwamba kuna viumbe hai wanaotengeneza asidi, jambo ambalo kila anayetengeneza maziwa lala analijua, lakini hakuonyeshi ni viumbe gani wala ni wangapi, na maziwa yasiyochemshwa huganda hata bila kapsuli. Tena Saccharomyces boulardii, ambayo ni hamira wala si bakteria, haigandishi maziwa ingawa iko hai kabisa.

Swali: Naweza kumpa mtoto wangu aliyezaliwa kabla ya wakati?

Jibu: Tafadhali usimpe bila idhini ya daktari anayemhudumia. Mnamo Oktoba 2023, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba viumbe hao hai wanaweza kusababisha maambukizi ya damu yanayoua kwa watoto njiti.