"Kakimbilia gari mwenyewe": je, kweli?

Wazazi wengi husema kwa uhakika: "Sikumfundisha mtu. Kijana wangu kakimbilia gari mwenyewe, dada yake kamkumbatia mwanasesere. Ni damu tu." Maelezo hayo yanaruka hatua moja: nani alitangulia kumpa mtoto kitu hicho?

Mwaka 1978, nchini Uingereza, watafiti Caroline Smith na Barbara Lloyd waliwaomba akina mama 32 wacheze na mtoto wa miezi sita wasiyemjua. Wapo watoto waliovishwa nguo na kupewa jina la jinsia isiyo yao. Mama aliyedhani amepakata wa kike alitangulia kumpa mwanasesere; aliyedhani ni wa kiume, njuga yenye umbo la nyundo, tena akamchangamsha arukeruke. Mtoto ni yule yule! Na hao akina mama hawakuwa wakatili wala washamba. Walifanya tu kama tunavyofanya sote bila kujitambua.

Hii haina maana kwamba maumbile hayana mkono. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu mchango wa homoni. Lakini mtoto wa miaka miwili "anayejichagulia" ameshapokea vitu mkononi kwa miaka miwili, na ameshasoma uso wa baba kila anapookota kijungu cha dada yake. Hasa baba: kwa wavulana, mkunjo wa uso wake huwa mkali zaidi.

Ukitaka kupima nyumbani, acha gari la waya na vyungu vya kuchezea kwenye mkeka mmoja, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi.